Harusi ya Babu Yafunika Penzi la Mjukuu

Filamu ya My Big Fat Greek Wedding 2, iliyotoka mwaka 2016, miaka 14 baada ya ile ya kwanza, inaturudisha Chicago, ambako Toula na Ian sasa ni wazazi wa Paris, binti anayemaliza sekondari na anayetamani chuo cha mbali ili apate kupumua. Elena Kampouris anamwigiza vizuri, hasa anapojikaza kumwalika Bennett kwenye dansi ya shule, na kumbe kijana mwenyewe ni Mgiriki vilevile.

Tatizo ni kwamba babu na bibi wanamfunika. Mzee Gus, akihangaika kuthibitisha kwamba ukoo wake unatokana na Aleksanda Mkuu, anagundua kuwa padri hakutia sahihi cheti chake cha ndoa. Naye Maria, aliyekwisha kumzalia watoto watatu, anakataa kufunga ndoa upya mpaka aposwe kwa heshima. Lainie Kazan, anayemwigiza Maria, kwa kununa tu, alinichekesha kuliko mizaha yote ya ndugu na mashangazi, ambayo nusu yake ni kiporo cha 2002. Ningeongezewa dakika kumi za Paris na Bennett, hata ikibidi shangazi Voula anyamaze kidogo.