Kompyuta Uliyoiunga Mwenyewe Haiwaki? Pawa Saplai za Kununua, na Nyaya za Kuogopa

Malalamiko ninayoletewa yanafanana. Mtu kaunga kompyuta yake, kabonyeza swichi, feni imejitikisa kidogo ikasimama. Fundi anasema mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) imekufa. Inanunuliwa mpya, nayo inagoma vilevile. Ukidadisi unakuta pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ilinunuliwa bila nyaya zake, muuzaji akachomoa nyingine kwenye boksi la mabaki: "Chukua hizi, zote ni zilezile."

Si zilezile! Upande wa mazabodi na diski, plagi hufuata kiwango kimoja. Upande wa pawa saplai, kila kampuni hupanga pini inavyotaka. Waya unaweza kuingia vizuri kabisa, ukalia "tik", kumbe volti 12 zinapelekwa kwenye njia ya volti 5. Diski inaungua na kupiga shoti, kinga ya pawa saplai inakata umeme wote. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, chomoa plagi ukutani, toa nyaya za diski zote, kisha jaribu tena. Ikiwaka, mchawi umempata.

Wati sizigusi, kila mtu anazihubiri. Na ile beji ya 80 PLUS Gold hupima umeme usipotee bure. Kuhusu nyaya haisemi lolote.

Namba moja kwangu ni Seasonic Focus GX, na upendeleo wangu siufichi. Nyaya zote zinachomoka, dhamana ni miaka 10. Inunue mpya, na mfuko wa nyaya uufungue palepale dukani.

Inafuata Corsair RMx, dhamana miaka 10 pia. Plagi zake huandikwa aina, na kuna jedwali la kampuni linaloonyesha ipi inakwenda na ipi. Hapo imeishinda Seasonic, sina ubishi. Lakini usibweteke: waya wa pini 24 (ule wa mazabodi) wa Type 3 na wa Type 4 haviingiliani, ingawa vyote ni vya Corsair.

Ya tatu ni yoyote ya kampuni inayojulikana yenye nyaya zisizochomoka. Kesi (boksi la kompyuta) itajaa nyaya kama kiota cha kunguru, ila hakuna wa kukuchanganyia.

Za bei rahisi zisizo na jina, pita.

Wanaonikera zaidi ni wauzaji wa mitumba wanaotenganisha pawa saplai na nyaya zake ili wauze mara mbili. Ukimrudia na diski iliyoungua, anakuambia umeme wa kwako ndio mbaya.