Mafuta ya zana ya Katwe: chuma yanakata, koleo yanaua

Nyota mbili. Ilikuwa iwe moja, tutafika huko.

Kichupa kimeandikwa "kulainisha zana na kukatia chuma". Nilikinunua Katwe, Kampala, kwenye duka moja la vifaa, shilingi elfu kumi, majuzi kabla mvua hazijaanza. Wiki tatu hivi, koleo halifunguki. Si kutu. Kwenye kiungo kuna utando wa rangi ya asali, ukiukwaruza kwa ukucha unanata kama mafuta yaliyogandia kikaango. Spana malaya nayo, ile skrubu ya kusogezea taya imeganda kabisa.

Dalili ilijitokeza mapema nikaipuuza: keekee ilipopasha bamba la milimita 6, karakana nzima ilinukia kabalagala, vile vitumbua vya ndizi vya kukaanga. Ni mafuta ya kupikia! Ya mimea yakikaa hewani hugeuka gundi, na chini ya bati lenye joto hugeuka haraka zaidi. Ukitaka kuhakiki, paka tone jembamba kwenye kipande cha bati, kiache juani siku kadhaa. Likinata, limetoka jikoni.

Nikarudi na koleo mkononi. Muuzaji: "Ssebo, mafuta ni mafuta. Kama koleo limezeeka nunua jipya, ninayo mengi." Huyo anatafuna karanga. Koleo lenyewe hakulitazama.

Kulifufua: loweka kiungo kwenye mafuta ya taa usiku kucha, sugua kwa mswaki mkuukuu, fungua na kufunga mpaka uchafu uishe, pangusa likauke. Halafu matone mawili ya mafuta ya cherehani, basi. Yakizidi yanashika vumbi la grainda, na vumbi hilo ni msasa ndani ya kiungo. Grisi iachie skrubu ya jiliwa, kile kibano cha mezani. Tupa ya kusugulia chuma usiipake mafuta kabisa. Isugue chaki, unga wa chuma usizibe meno.

Sasa haki yake nimpe. Kwenye kukata, mafuta haya ni mazuri, tena yanaishinda mbali oili chafu ya injini tunayojipaka nayo mikononi kila siku. Angalaini (chuma cha pembe) ya milimita 5, bledi ya msumeno wa chuma ya meno 24 kwa inchi, meno yakitazama mbele, mapigo kama 50 kwa dakika ukitumia urefu wote wa bledi, tone moja moja kwenye mfereji: inapita kama kwenye muhogo. Ukimaliza tu, futa bledi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Chuma cha kusubu kikate kikavu, hakihitaji tone. Kwa kazi hiyo peke yake ningetoa nyota nne, neno "kulainisha" lifutwe kwenye lebo.

Lakini nikizikumbuka zile karanga! Moja. Andikeni moja.

Bledi zake nitaendelea kununua, pale mtaani sijaona zinazozishinda. Nitamtuma kijana.