Kazi bila mameneja: Morning Star au Valve?

Kampuni mbili za Marekani hutajwa sana panapozungumziwa kazi isiyo na mameneja, lakini hazifanani. Morning Star, kampuni ya kusindika nyanya ya California, humtaka kila mfanyakazi aandikiane makubaliano na wenzake wanaoguswa na kazi yake, yakieleza wajibu wake na jinsi utakavyopimwa. Wawili wakikosana, hukaa wenyewe kwanza, kisha humwita mwenzao awasuluhishe, halafu jopo, na mwisho kabisa shauri humfikia mwanzilishi, Chris Rufer. Bosi wa kila siku hayupo, ila maandishi yapo.

Valve, watengenezaji wa michezo ya kompyuta, walichagua uhuru mpana zaidi: mwongozo wao uliojulikana hadharani mwaka 2012 unaeleza kwamba meza zina magurudumu, ili mtu aisukume yake hadi kwenye mradi anaoutaka. Mwaka uliofuata Jeri Ellsworth, mhandisi aliyekuwa ameachishwa kazi huko, alisema kulikuwa na tabaka la wenye nguvu lililojificha.

Kwa mgeni asiyejuana na mtu, naona Morning Star ni salama zaidi, ingawa kujadiliana makubaliano hayo (kazi ya makaratasi, kusema kweli) kutamchosha. Valve inamfaa fundi mwenye jina, asiyehitaji kuonyeshwa pa kuanzia.