Bruchi ya Charles Horner niliyoagiza mtandaoni: fedha safi, rangi ina kiraka

Niseme mapema: sijairudisha. Ila mimi na muuzaji tulivutana wiki nzima.

Nilikuwa natafuta kitu cha kubania mtandio kwa harusi ya binamu yangu hapa Birmingham, maana pini za dukani hung'oka kichwa kabla pilau halijapakuliwa. Nikaiona hii bruchi, ambayo marehemu bibi angeiita bizimu: fedha yenye enameli ya bluu inayoingia kijani, umbo la majani yaliyojisokota, pauni 85. Tangazo lilisema ni ya kale, imetengenezwa kwa mkono, haina dosari.

Ilipofika niliigeuza nyuma kwanza, na huko sina lawama hata kidogo. Kwa lenzi nilimwona simba anayetembea, ambaye ndiye ushahidi wa fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Kando yake upanga na miganda mitatu ya ngano, chapa ya mji wa Chester, halafu herufi inayoonyesha mwaka na C.H., yaani Charles Horner, mtengenezaji. Ofisi ya Chester ya kupima madini ilifungwa 1962, kwa hiyo ukiikuta chapa hiyo, kitu chako si cha juzi. Kishikio cha pini ni ndoano wazi tu, haina kifungio. Ndivyo zilivyokuwa nyingi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Hilo la "kwa mkono" lilinichekesha. Kampuni ya Horner walikuwa na kiwanda Halifax, hapa Uingereza, na walichosifika nacho ni kutumia mashine ili watu wa kawaida nao wamudu mapambo ya fedha. Charles mwenyewe alifariki 1896, wanawe wakaendelea. Kwangu hiyo si aibu, kazi ni nzuri. Lakini muuzaji asinipambie.

Kilichoniudhi ni rangi. Enameli ni kioo: unga wake hupakwa juu ya fedha, ukaingizwa kwenye tanuru la nyuzi 800 hivi mpaka uyeyuke. Nilipoilaza bruchi chini ya taa ya mezani, jani la kushoto lilikuwa limefifia, halirudishi mwanga kama wenzake. Nikachukua sindano. Kwingine kote iliteleza. Pale ikaacha kijitundu. Plastiki! Mtu alijaza pengo kwa rangi ya gundi akanyamaza.

Nikaipeleka kwa sonara mmoja kule Jewellery Quarter, mtaa wa masonara wa hapa Birmingham. Akaniambia kuirekebisha kikwelikweli ni kuondoa rangi yote na kuichoma upya, na moto huo unaweza kuyeyusha lehemu ya bawaba. Gharama aliyotaja ilizidi bei niliyonunulia. Akanionya pia nisiitumbukize kwenye dawa ya kusafishia fedha. Niifute kwa kitambaa laini, basi.

Muuzaji alijibu, "Kitu cha miaka mia, ulitarajia nini?" Nilitarajia aseme kweli. Nilimtumia picha ya kile kijitundu pamoja na maneno ya tangazo lake mwenyewe, akarudisha pauni 30. Kwa 55 nimeridhika, na kama angeniambia tangu mwanzo ningeilipa bei hiyo bila maneno.

Ukitaka kununua ya namna hii, omba picha ya mgongo, na nyingine iliyopigwa ubavuni chini ya taa. Picha ya mbele tupu inaficha mengi. Anayekataa kupiga hizo mbili, achana naye.

Kuhusu kuivaa: kwenye koti la sufu inapendeza mno, hata wenzangu kazini wameuliza. Sindano yake ni nene, ilikusudiwa nguo nzito. Mimi kwa ubishi wangu niliijaribu kwenye mtandio wa hariri usiku wa kuamkia harusi. Umebaki na matundu mawili yanayopitisha punje ya mchele, na harusini nikaenda na pini ya dukani.