Duanwu ni ya nani: Qu Yuan au Wu Zixu?

Ukiwauliza Wachina asili ya Duanwu, sikukuu ya siku ya 5 ya mwezi wa 5 wa kalenda yao ya jadi, wengi watamtaja Qu Yuan. Mshairi huyu na waziri wa dola ya Chu alijitosa katika mto Miluo, inasemekana mwaka 278 KK, mji mkuu wa Chu ulipotekwa na dola hasimu ya Qin. Wanakijiji, husimuliwa, walikimbilia mitumbwi kumtafuta, wakamwaga wali majini ili samaki wasimguse. Ndiyo maana leo kuna mashindano ya mashua za joka, na zongzi, yaani wali wa kunata uliofungwa kwa majani.

Watu wa mji wa Suzhou wana mtu wao: Wu Zixu, waziri wa dola ya Wu, aliyeamriwa na mfalme wake Fuchai ajiue mwaka 484 KK, kisha maiti yake ikatupwa mtoni. Kwa ukongwe anamzidi Qu Yuan karne mbili. Ila hakuacha mashairi, na nadhani hapo ndipo aliposhindwa.

Zongzi nazo zina kambi zake. Kaskazini mwa China wali wa kunata hutiwa kunazi za Kichina, huliwa na sukari. Mji wa Jiaxing, kusini, hutia nyama ya nguruwe iliyolowekwa sosi ya soya; ukifungua jani, mafuta yamepenya kila punje. Mimi niko na kaskazini.

Majani ya jamii ya pakanga yanayotundikwa mlangoni siku hiyo, ya kufukuza maradhi, hayamhusu Qu Yuan wala Wu Zixu.