Chujio la maji la nyumbani, baada ya kiangazi na masika ya Morogoro

Nililinunua chujio hili mwezi Juni mwaka jana kwa shilingi 95,000, katika duka la vyombo hapa mjini Morogoro, nikahakikishiwa kwamba vichujio vyake viwili vya udongo wa kuchomwa vingedumu miezi sita. Kiangazi chote ahadi hiyo ilitimia: nikijaza ndoo ya juu usiku, asubuhi ile ya chini imejaa maji maangavu yasiyo na harufu, na vichujio nilivisugua mara moja tu kila baada ya wiki mbili. Koki haivuji, wala chuma hakijashika kutu.

Masika yalileta habari nyingine. Kila baada ya mvua kubwa maji ya bomba yalifika yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na vichujio vikaziba ndani ya siku mbili. Nimesikia wenzangu wakilitukana chujio kwa jambo hilo, nami naona wanalionea, kwa sababu limeundwa kuzuia vijidudu na tope jepesi, si kuupokea mlima.

Maana udongo ule ni wa mlimani. Mji huu hunywa maji ya Bwawa la Mindu, linalojazwa na Mto Ngerengere, pamoja na ya vijito vya Uluguru, ukiwemo Mto Morogoro kwenye chanzo cha Mambogo. Nilipopanda kuufuata mto, nilikuta matuta ya mboga yameshuka hadi ukingoni, mahali ambapo matete na mikuyu ndiyo ingestahili kuwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru uhifadhi wa mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto; pale nilipopita hata mita 6 zisingetimia. Matete huyapunguzia kasi maji ya mvua na kuyaachisha tope kabla hayajaingia mtoni, na mizizi ya miti huishika kingo isimeguke. Yakifyekwa, udongo huteremka moja kwa moja, sehemu ikatua bwawani na kula nafasi ya maji, sehemu ikaulazimu mtambo wa kusafisha maji kutumia shabu nyingi zaidi, yaani ile chumvi ya kutuamisha tope. Kisha kiangazi mji hulipa mara ya pili, kwa kuwa mvua ambayo ingezama taratibu na kulisha chemchemi ilikwisha kukimbia zamani.

Kwa anayetaka kununua: maji ya masika yatie shabu kidogo kwenye ndoo, yaache yatuame usiku kucha, yapitishe kwenye kitambaa safi, ndipo uyamimine. Weka pia akiba ya vichujio; kimoja ni shilingi 12,000, nami nimebadilisha jozi tatu tangu Machi. Nalipatia chujio nyota nne, na ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya muuzaji, ambaye hakuniuliza maji yangu yanatoka wapi.