Vitabu vitano vya mapenzi, majoka na majini: kimoja tu ndo bibi yangu kakipitisha

Mambo vipi wapenzi wa vitabu, karibuni tena chumbani kwangu, samahani kwa hii feni inayolia hapo nyuma lakini nikiizima nayeyuka, jua la Dar wiki hii si la mchezo. Leo nina vitabu vitano, vitatu hapa mapajani na viwili vya kwenye simu, hebu nisogeze kamera kidogo muone... eeh, vitatu. Hiki cha juu msikicheke hivi kilivyokunjika jalada, nilikiagiza dukani mtandaoni nikaletewa kikiwa hivyo hivyo na hela ya usafiri nimelipa kamili, ila maneno ya ndani yote yapo kwahiyo nimesamehe.

Sasa kabla sijaanza. Mnajua siku hizi huko nje kuna hizi wanaita romantasi, yaani riwaya ya mapenzi ukichanganya na mambo ya ajabu, majoka, uchawi, miungu, mtu anapendana na kiumbe ambaye hata huelewi ana miaka mingapi. Kila anayesoma Kiingereza anasoma hizo. Na mimi nazipenda jamani sitaki kudanganya, lakini mwaka huu nimezisoma tofauti kidogo kwa sababu bibi yangu mzaa mama yuko hapa nyumbani. Bibi ni mtu wa Pangani, kaja kutibiwa macho, kusoma hawezi na Kiingereza hana habari nacho, basi umeme ukikatika ananiona nimejikunja na kitaa changu nacheka peke yangu ananiambia we mke mwenza hebu na mimi nisimulie hicho kinachokuchekesha kama mwehu. Nikaanza kumsimulia. Kila kitabu nilichosoma nikakisimulia upya kwa Kiswahili usiku, na nawaambia hakuna mtihani mgumu wa kitabu kama huo, kwa sababu maneno mazuri ya mwandishi yote yanabaki huko kwenye Kiingereza chake, ukimsimulia bibi inabaki hadithi tupu, na kama hadithi haina miguu bibi analala. Analala kweli, anakoroma.

Kwahiyo leo siwapi nyota. Nawaambia bibi alilala au hakulala.

Tuanze na hiki cha kiki, Fourth Wing cha Rebecca Yarros, kimetoka 2023. Hiki hata kama hujasoma umeshakiona, kitabu cha tatu katika mfululizo huu, Onyx Storm, kilipotoka Januari 2025 kiliuza nakala zaidi ya milioni 2.7 wiki ya kwanza. Wiki moja! Na mwandishi amesema vitakuwa vitano. Hadithi ni binti mmoja Violet, amejiandaa maisha yake yote kuwa mtu wa vitabu na kumbukumbu, mama yake ambaye ni jenerali anakuja dakika za mwisho anamwambia hapana, wewe unaenda kwa wapanda majoka. Na huyo binti ni mwembamba, viungo vyake vinateguka hovyo, na hapo kuna kitu nilikipenda sana, mwandishi mwenyewe ana ugonjwa wa Ehlers-Danlos unaolegeza viungo na ameshausema hadharani, kwahiyo Violet akiteguka bega unaona huyu anayeandika anaujua uchungu wenyewe, sio wa kuambiwa. Mtihani wa kwanza wa chuo ni kuvuka daraja jembamba la mawe huko juu, ukiteleza ndo basi, hakuna kurudia. Halafu ndani kuna kijana Xaden ambaye baba yake aliongoza uasi akauawa, na aliyesimamia kuuawa kwake ni mama yake nani? Violet. Sasa hapo mnajua wenyewe, maadui wanaokuja kupendana, mimi nikinusa hiyo harufu tu siachi kitabu.

Bibi alivumilia hadi darajani. Akauliza, mama gani huyo anampeleka mwanawe akafe? Nikasema ni jenerali bibi. Akasema jenerali si mzazi? Halafu akauliza majoka yanakula nini na nani anayapikia. Nikamwambia kondoo. Akasema kondoo wangapi. Mimi hesabu hiyo sikuwa nayo. Usiku wa tatu akalala.

Lakini nyie kisomeni tu, kinakimbia, niliweka ugali motoni nikausahau, sufuria mpaka leo ina kovu. Ila kuna kurasa za wakubwa humo, wadogo zangu wa sekondari mnaonifuata hapa naomba mruke hiki, tusije kukosana na wazazi wenu. Na nikisema ukweli lugha yake ni nyepesi, watu wanaongea kama wako kwenye magrupu ya WhatsApp huku wamekalia joka, ukiwa mtu wa kupenda sentensi zilizochongwa utajikuna.

Cha pili fasta fasta, Honey and Spice cha Bolu Babalola, 2022. Hiki hakina joka hata moja nimekiweka kwa wale wanaoniandikia kila siku dada tunataka mapenzi tu basi. Mwandishi ni Mwingereza wa asili ya Nigeria. Binti anayeitwa Kiki ni mwanafunzi wa chuo Uingereza ana kipindi chake cha redio anawashauri wasichana weusi wenzake wasichezewe, na anawaonya hewani kuhusu kijana mgeni mmoja anaitwa Malakai, halafu kwa sababu zake na zake wanalazimika kujifanya wapenzi. Mapenzi ya kuigiza mnajua yanavyoishia. Uzuri wake ni midomo, huyu binti ana maneno, wanarushiana vijembe kama wako kwenye taarabu. Tatizo ni hilo hilo, ukitoa vijembe hadithi yenyewe unaimaliza kuisimulia kabla chai haijapoa. Bibi alisema sasa si waoane tu wanangoja nini.

Haya. Sasa hiki. Divine Rivals cha Rebecca Ross, 2023. Hapa nitakaa kidogo.

Iris na Roman ni waandishi vijana wa gazeti moja, Oath Gazette, wote wanagombea nafasi moja ya kuandika safu, Roman katoka familia yenye hela, Iris kwao mambo magumu, kaka yake kaenda vitani kwa sababu miungu wawili wameamka wanapigana na binadamu ndo wanakufa. Iris anamwandikia kaka yake barua kwa taipureta ya bibi yake, anazisukuma chini ya mlango wa kabati, na barua zinapotea. Zinaenda wapi? Zinatokea kwenye kabati la Roman. Yule adui wake wa ofisini. Na anajibu! Bila jina. Jamani! Yule wa ofisini hawapatani hata salamu, na yule wa kabatini ndo anayemwelewa kuliko mtu yeyote, na ni mtu mmoja, na mmoja kati yao anajua muda mrefu mwenzie hajui. Mimi nilikuwa naruka kitandani.

Hapo siendelei sitaki kuwamwagia ubuyu, ila niwaambie kwa nini kwangu hiki kinashinda kile cha majoka. Kwenye kile cha majoka uchawi na mapenzi vinakaa vyumba viwili tofauti, ukitoa joka ukaweka pikipiki bado wale watoto watapendana vile vile. Hapa ukitoa lile kabati hakuna mapenzi. Hakuna kabisa. Uchawi ndo uliobeba barua, na barua ndo mapenzi yenyewe. Nilivyokuwa namsimulia bibi akanikatiza akasema, hilo kabati lina mwenyewe. Nikasema bibi ni uchawi tu. Akasema hakuna uchawi tu, kabati hilo lina mwenyewe na mwenyewe ana shida yake, ngoja utaniambia. Na unajua alikuwa hayuko mbali na ukweli? Sisemi zaidi.

Kasoro yake kimeishia patamu, yaani kama zile hadithi za mwendelezo za Facebook, unafika penyewe unakutana na ITAENDELEA. Kwahiyo ukinunua hiki panga na hela ya Ruthless Vows kabisa, sehemu ya pili, imetoka mwishoni mwa 2023 hiyo hiyo. Bibi hakulala ila alikasirika. Nahesabu nusu.

Ngoja bodaboda ipite... huyu kila siku saa hizi hizi. Haya.

Cha nne ni cha hapo jirani, The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, 2021. Hiki mapenzi si mambo yake, nakiri, lakini siwezi kuongelea ajabu nikakiruka. Kimepata tuzo ya Ursula K. Le Guin, yenye jina la yule marehemu mwandishi Mmarekani wa hadithi za ajabu, mwaka 2022, ndo mara ya kwanza kabisa tuzo hiyo inatolewa, na ikaja Mombasa. Binti wa Kihadhrami, yaani asili yao Yemen, anaitwa Aisha, baba yake mvuvi amepotea baharini, anaondoka kumtafuta kwa chombo kilichotengenezwa kwa mifupa, na mwenzie safarini ni paka. Paka msomi. Anaongea. Na huko kilindini kuna madude, mojawapo linaitwa Baba wa Papa.

Sasa humu sikuhitaji kutafsiri kitu. Bibi alinirekebisha mimi. Nikisema kunguru wanaongea anasema wanaongea ndiyo hujui tu kusikiliza. Nikisema paka yule anajua mambo anasema paka wa aina hiyo hupigwi naye picha wala humfukuzi mlangoni saa ya magharibi. Tatizo langu ni kwamba Kiingereza cha hiki kitabu ni kizito, kimejaa mashairi, kuna kurasa nilisoma mara tatu, na akisharudi kutoka baharini kasi inashuka, wengine wataishia hapo. Msikate tamaa. Soma kwa sauti, kwa kweli ndivyo kilivyonifungukia, maneno yanakaa vizuri mdomoni kuliko machoni. Bibi alilala nusu ya pili lakini siku hiyo alikuwa ametoka hospitali, tusimhukumu.

Na sasa mshindi, sikufichi nilikuwa nachelewesha makusudi. The Adventures of Amina al-Sirafi cha Shannon Chakraborty, 2023.

Amina ni mama. Ameshastaafu, goti linamuuma, anaishi kimya na mama yake na binti yake. Ila zamani alikuwa nahodha wa maharamia katika Bahari ya Hindi karne ya 12, na Waarabu wa kitabuni wanamwita nakhudha, neno hilo hilo letu. Anatokea mama tajiri anamtaka amtafute mjukuu wake aliyechukuliwa na Mfaranji mmoja, yaani mtu wa Ulaya, mwenye tamaa ya vitu vya kichawi, na hela anayotajiwa ni ya kukaa chini kwanza. Basi anaanza kukusanya watu wake wa zamani mmoja mmoja, yule bibie mtaalamu wa sumu huko Aden, yule fundi wa ramani ameshatulia na familia Mogadishu, chombo chake Marawati chenye paka asiye na faida yoyote. Na safari inaenda hadi kisiwa cha Sokotra.

Mapenzi yako wapi? Ndo utamu. Amina ameolewa mara kadhaa na mmojawapo wa waume zake si binadamu. Aliolewa naye hajui! Na huyo mume ni mzuri, mlaghai, mwoga, mlafi, ukimsoma unataka kumpiga na kumwandalia chakula kwa wakati mmoja. Humu hakuna kijana wa miaka ishirini mwenye kifua, kuna mwanamke mtu mzima anayeswali, anayejua dhambi zake kwa majina, anampenda mwanawe na anaipenda bahari na hivyo viwili havikai jahazi moja. Mimi nimechoka na mabinti wa miaka kumi na minane wanaookoa dunia, nipe mwenye goti bovu.

Nilipomwambia bibi kuwa mume ni jini aliinuka akakaa. Akauliza, alimpa mahari gani? Mjue nilivyomsimulia majoka hakuniuliza hata jina la joka. Akataka kujua wanaondoka na upepo gani, kaskazi au kusi, nikarudi kitabuni kutafuta. Babu yangu alikuwa mtu wa majahazi, sikuwa najua hata robo ya aliyonisimulia usiku ule, jinsi walivyokuwa wanangoja upepo, walichokula, nani alifia wapi. Kitabu kikakaa pembeni, mimi nikawa nasikiliza.

Nikisema kasoro, mwanzo unajikongoja, kuna sura za kukusanya watu nyingi mno, na yule karani wa ndani ya kitabu anayeandika simulizi ya Amina anakatiza katiza. Kwangu sio kitu. Na mkikimaliza hiki mkamtaka bado mwandishi, rudini kwenye The City of Brass cha 2017, tapeli wa kike Cairo anaongoza shughuli ya kutoa pepo kwa ngoma, haamini kitu, anaimba kwa utani na jini anakuja kweli. Hicho kina mapenzi ya kuumia roho, andaa leso.

Kuhusu bei, vyote ni vya kuagiza na si rahisi, mimi viwili nimeazima, viwili nimesoma kwenye simu kwa kulipia, na hiki kilichokunjika ndo cha kwangu. Msiniombe PDF tafadhali, najua mnataka kuniomba, sina na sitoi, mtafute wenzenu watatu mchange mnunue kimoja mzungushane, mimi na binamu zangu ndo tunavyofanya, ila wa mwisho kupewa awe yule anayesoma huku anakula chipsi.

Ngoja... eeh bibi? Naam! ... Anauliza yule nahodha wake ameshatoka Sokotra au bado. Jana umeme ulirudi tukakatishia njiani.

Nakuja bibi, nazima hii kwanza!